Kwenye Karatasi Uliandika Ngapi?

Kiroba kile nilikifunga mwenyewe usiku, sebuleni kwangu Kipawa. Pea 8 za mashuka ya kudarizi, kila pea na foronya zake ndani ya nailoni yake, halafu kiroba cha salfeti, halafu soletepu ya kahawia niliyoizungusha mpaka ikaisha. Juu nikaandika kwa makapeni jina la mama mmoja wa Mpanda na namba yake ya simu. Binti yake alikuwa na sendofu Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama huyo alikuwa ameshanitumia pesa yote, shilingi 340,000, na ya kutolea juu. Hatukuwahi kuonana. Aliyaona mashuka Instagram, akanipigia mara moja, akasikia ninavyoongea, akatuma.

Asubuhi nilimkabidhi kijana wa bodaboda, mtoto wa jirani yangu wa nyumba ya tatu, akipeleke Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis. Akiwa dirishani kwa wakala wa basi akanipigia.

"Dada, wanauliza thamani ya mzigo. Niseme ngapi?"

"Sema elfu thelathini."

Nilijibu bila kufikiri, maana ndivyo tulivyozoea wengi tunaotuma mikoani. Ukitaja thamani kubwa, nauli ya mzigo inapanda. Nikalipa 8,000. Kijana akaniletea risiti imeandikwa: kiroba 1, nguo, 30,000.

Basi lilifika Mpanda. Kiroba hakikufika.

Siku ya kwanza niliambiwa huenda mzigo umepitiliza. Siku ya pili, utingo aliyekuwa zamu ameshageuza na gari na simu yake haipatikani. Siku ya nne, njoo na risiti. Nikaenda na risiti, nikaambiwa aliyeiandika hayupo leo. Njia ya Mpanda ni ndefu. Buti linafunguliwa Morogoro, linafunguliwa Dodoma, linafunguliwa Tabora, mara nyingine usiku wa manane kwa tochi ya simu, na kila likifunguliwa ipo mikono inayoshusha na mikono inayopakia. Kiroba changu kilifanana na viroba vingine vyote vilivyokuwa mle ndani. Kilichokitofautisha ni wino wa makapeni tu, na wino juu ya salfeti hufutika kwa kusuguana. Mwaka 2022, mwaka wa sensa, nyumba zetu zilibandikwa vibao vya anwani za makazi, na nilifurahi kuona mtaa wetu una jina na mlango wangu una namba. Lakini mizigo yetu bado inasafiri kwa jina la mtu na namba ya simu. Namba ikifutika, mzigo umekuwa yatima.

Mama wa Mpanda hakunitukana. Ujumbe wake wa sauti wa mwanzo ulikuwa wa dakika mbili, na kila baada ya maneno machache aliniita mwanangu. Ule wa wiki ya pili ulikuwa na maneno manne: "Dada, mzigo wangu vipi?" Kutoka mwanangu mpaka dada ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam mpaka Mpanda. Sendofu ikapita. Mashuka yalinunuliwa huko huko sokoni kwa pesa ya kukopa. Halafu ndugu yake mmoja akachukua picha yangu, akaiweka kwenye kundi la wanawake wanaonunua vitu mtandaoni, na juu yake neno moja: tapeli.

Wateja wawili waliokuwa wameshalipia wakaomba pesa zao siku hiyo hiyo. Nikawarudishia. Yule mama nilimrudishia 340,000 kwa mafungu matatu, fungu la mwisho likitoka kwenye mgao wangu wa kikoba. Baada ya miezi miwili ya kwenda na kurudi Mbezi, wenye basi nao wakanilipa: shilingi 30,000. Nilisaini. Ningebisha kwa lipi? Thamani niliitaja mimi.

Nieleze hesabu, maana anayetusikia tukilia hudhani tunalilia faida. Kwenye pea moja ya mashuka nilikuwa napata 6,000. Pea 8 zilinigharimu 292,000 kuzinunua Kariakoo. Ongeza nauli ya mzigo, toa zile 30,000 za fidia, hasara yangu ikawa 270,000. Yaani pea 45 za kuuza bure, kuzifunga bure, kuzijibia simu usiku bure, ili nirudi tu pale nilipokuwa kabla ya kumjua mama wa Mpanda. Kwa mwenye duka la jumla mtaa wa Kongo ni hasara ya siku moja. Kwangu ilikuwa miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo mtoto wangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya michango ya shule.

Jumia, lile soko la mtandaoni, walipofunga shughuli zao Tanzania, Novemba 2019, wengi wetu tulikuwa tumeshahamia Instagram na stetasi za WhatsApp, na hatukuona tumepoteza kitu. Sasa ndiyo naelewa kilichokosekana. Wachina, ambao mizigo yao imejaa Kariakoo, walilitazama jambo hili mapema. Alipay ilipoanza mwaka 2004, kazi yake ilikuwa kushika pesa katikati: mnunuzi analipa, pesa inangoja, mzigo ukifika ndipo muuzaji anapewa. Kwetu katikati hapana mtu. Mteja anatuma na ya kutolea, mimi napokea ujumbe, na kuanzia dakika ile kinachotushikilia ni neno langu. Mzigo ukipotea, mimi ndiye duka, mimi ndiye bima, mimi ndiye dawati la malalamiko, na mimi ndiye mshitakiwa.

Rafiki yangu aliyesoma sheria aliniambia sikupaswa kulipa. Sheria inayohusu uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa Waingereza, inasema kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo wa kumpelekea mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza. Kesho yake akanipigia tena, akanisomea kinachofuata. Muuzaji anatakiwa apatane na msafirishaji kwa namna inayofaa, akiangalia aina ya mzigo na mazingira yake. Asipofanya hivyo na mzigo ukapotea njiani, mnunuzi anayo haki ya kukataa kwamba amekabidhiwa. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Mzigo wa 340,000 nilikuwa nimeupatania kama mzigo wa 30,000.

Akaniambia na mengine ambayo ningepaswa kuyajua tangu siku ya kwanza ya biashara. Anayesafirisha vifurushi na vipeto kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Malalamiko unaanza kuyapeleka kwake. Asipokusikiliza, unapanda mpaka TCRA. Lipo pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano la kukusemea. Aliyebeba kiroba changu sikuwahi kumuuliza habari ya leseni. Nilimuuliza bei.

Lakini aliyenigusa mahali panapouma si huyo mwanasheria. Ni mama yangu mkubwa. Yeye aliishi Kipawa hii hii, upande wa karibu na uzio wa uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikishuka vikombe vinatikisika kabatini. Mwaka 1997 walikuja watu wa tathmini kwa ajili ya upanuzi wa uwanja. Wakahesabu vyumba, wakahesabu choo, wakahesabu miembe yake miwili, wakaandika. Kisha yeye na wenzake wakangoja zaidi ya miaka 10. Hujengi ukuta, hupaki rangi, maana nyumba si yako tena na pesa bado si yako. Malipo yalipokuja, manung'uniko ya wengi yalikuwa juu ya karatasi ile: hesabu ilipigwa kwa mambo ya zamani, na saruji inanunuliwa kwa bei ya leo. Sasa anaishi Pugu. Jengo la tatu la abiria lililozinduliwa mwaka 2019 amelipita akiwa ndani ya daladala tu.

Nilikwenda kumweleza shida yangu nikitaka anionee huruma. Nikampa shikamoo, akaitika, akaendelea kuchambua mchicha wake huku nikisimulia habari ya basi, ya utingo, ya risiti. Nilipomaliza hakusema pole.

"Kwenye karatasi uliandika ngapi?"

Nikamwambia.

Akaweka ungo chini. "Sisi tuliandikiwa na watu," akasema. "Wewe umejiandikia mwenyewe."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Nilizoea kudhani kwamba ile 30,000 ni ujanja mdogo wa kuokoa nauli, tena ujanja usiomdhuru yeyote. Kumbe nilikuwa nimekata kauli juu ya pesa ya mtu mwingine. Mama wa Mpanda aliniamini kwa 340,000, na mimi nikasimama dirishani, kwa mdomo wa kijana wa bodaboda, nikatangaza kwamba amana yake ni elfu thelathini. Yeye hakuwepo. Hakuulizwa. Ndiyo maana nililipa mpaka shilingi ya mwisho, na ndiyo maana sikujisikia shujaa nilipomaliza.

Hapa naomba niseme jambo ambalo ni gumu kwangu kuliko hasara. Siku ya tatu ya kutafuta kiroba, kabla sijamshuku utingo, kabla sijamshuku wakala, nilimshuku yule kijana. Risiti aliyoniletea ilikuwa mkononi mwangu, ina muhuri, ina tarehe, inasema kiroba kimoja kimepokelewa. Hata hivyo nilijiuliza kama alikifungua njiani, kama alichomoa, kama anajuana na mtu pale stendi. Sikumuuliza yeye. Nilikwenda kwa mama yake. Nikakaa kwenye mkeka wake, nikanywa chai yake, na nikamuuliza kwa sauti ya upole kama mwanawe siku hizi ana pesa za ziada.

Mama yule alinitazama, akakaa kimya, kisha akaniambia mwanawe alitoka nyumbani asubuhi ile bila kunywa chai kwa sababu nilikuwa nimemharakisha. Basi. Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo kijana akipita mbele ya baraza langu alisalimia akiwa anaangalia usukani. Mzigo wangu hakuubeba tena. Nikatafuta bodaboda mwingine, wa Jeti, anayenitoza zaidi na asiyenijua.

Na shuku ikishaingia haikai kwa mtu mmoja. Miezi michache baadaye mteja wa Kahama aliniandikia kwamba hajapata mitandio yake. Nikamjibu kwa ukali: ofisi inasema mzigo umefika, usinichezee akili. Alijibu, "Sawa dada." Mzigo ulikuwa umekaa kwenye ofisi ya kule siku 9 bila kupigiwa mtu simu, kwa sababu tarakimu moja ya namba yake niliikosea mimi nilipokuwa nikiandika. Alipoupata alinitumia picha ya mitandio na neno asante. Hajanunua tena kwangu, na simlaumu. Wapo kweli wateja wanaopokea mzigo na kusema hawajapokea, nimekutana nao wawili. Wawili, kati ya mamia. Lakini nilikuwa nimefika mahali pa kuwajibu mamia kama ninawajibu wale wawili.

Siku hizi nataja thamani yenyewe. Wakala husita, hunitazama, mara nyingine hukataa kuupokea mzigo, na hapo najua alikuwa hana nia ya kuulinda; naondoka nao. Mteja namweleza kabla hajatuma pesa: nauli ni hii kwa sababu thamani iliyoandikwa ni hii. Wengine huona ni ghali, wakaenda kwa wanaotuma kwa bei nafuu. Jina naandika mara tatu: juu, chini, na kwenye karatasi iliyomo ndani, kwa peni, pasipofikiwa na msuguano. Namba ya simu namsomea mteja tarakimu moja moja naye ananirudishia. Biashara imekuwa ndogo kuliko zamani. Naweza kulala.

Mwezi uliopita bodaboda wa Jeti aliharibikiwa na pikipiki nami nina mzigo wa Songea unaotakiwa kuondoka siku hiyo hiyo. Nikasimama barazani, nikamwona yule kijana anapita. Nikamwita kwa jina lake. Alizima pikipiki, akashuka, akanipa shikamoo, jambo ambalo zamani hakuwa akilifanya, zamani alikuwa akiniita dada tu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi tangu mwaka jana, nikayasema vibaya, nikayarudia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaangalia kiroba kilichokuwa kimefungwa soletepu tayari.

"Kifungue," akasema.

Nikamwambia basi linaondoka mchana, tutachelewa.

"Kifungue tuhesabu wote. Siku hizi sibebi mzigo wa mtu bila kuhesabu."

Nikaleta kisu. Tukachuchumaa barazani, mimi nikitoa vitenge kimoja kimoja, yeye akitaja namba kwa sauti ili majirani wasikie. Alipofika 11 ndege ikapita juu ya mapaa inashuka, ikabidi angoje. Ilipokwisha kupita, akaanza tena kuanzia moja.