Kuitika

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikifasiri mashairi, kazi ambayo mwalimu wangu ndani yake ni kamusi na subira. Lakini mwaka jana mpwa wangu, akaaye Maskati, alikuja likizo na karatasi ya namna nyingine. Ana maradhi ya Crohn, yanayovimbisha kuta za utumbo na kuzitia vidonda. Alikwisha kudungwa sindano za adalimumabu kwa miezi, zisimfae. "Mjomba," aliniambia, "hiki ni Kiingereza cha mabingwa. Nifasirie."

Ilikuwa habari ya utafiti uliofanywa Erlangen, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2014. Adalimumabu ni kingamwili: huishika TNF, protini ichocheayo uvimbe. Watafiti waliitia dawa hiyo rangi ya kung'ara, wakainyunyiza ndani ya utumbo wa wagonjwa 25 kwa ule mpira wa kupigia picha tumboni, kisha wakatazama kwa hadubini ya mwanga wa leza. Seli zilizobeba TNF ziling'ara. Ndipo wagonjwa wakaanzishiwa matibabu kwa dawa hiyo hiyo. Baada ya wiki 12, waliokuwa na seli nyingi za kung'ara walipata nafuu kwa asilimia 92; waliokuwa nazo chache, asilimia 15 tu.

Nilikwama kwenye msemo mmoja wa matabibu: mgonjwa "aliyeshindwa kuitikia dawa". Kwetu sisi kuitika ni adabu. Aitwaye asipoitika, lawama ni yake. Nikaizingatia ile karatasi upya. Haikusema hivyo. Ilisema kwamba dawa huenda ikabisha hodi katika nyumba ambamo imtafutaye hamo, au yumo kwa uchache. Basi nikaufuta msemo ule, nikaandika: "mgonjwa ambaye dawa haikumfaa."

Alisoma polepole, akanyamaza, kisha akasema: "Mama amekuwa akiniambia sina imani na dawa. Nami nilimsadiki."

Sikumficha kwamba wagonjwa 25 ni wachache, wala kwamba yeye hakupimwa hivyo, na kipimo hicho si cha kila hospitali. Yaliyotokea mwilini mwake hatuyajui. Hata hivyo aliikunja karatasi yangu, akaenda nayo jikoni kwa dada yangu. Niliwasikia wakizungumza hadi adhana ya magharibi.