Sanduku la Fungate

Siku hizi maarusi wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Chamazi kuandikisha ndoa, ukiwauliza watakwenda wapi baada ya arusi, hujibu: Unguja. Si ajabu, kwani boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hufika kwa muda wa saa mbili hivi. Mwezi huu zamu imemwangukia mdogo wangu wa kike. Wafanyakazi wenzake mchumba wake wamewalipia siku mbili katika hoteli kubwa ya pwani, huko Paje. Taabu ikaanza kwenye sanduku.

Aliniletea karatasi ya vitu vya kununua, maana mimi ndimi mdhamini wake katika kikoba, na fedha alitaka kuzikopa huko. Sanduku jipya la magurudumu, magauni manne ya kupigia picha, viatu vyeupe vya visigino, miwani, kofia, taulo mbili kubwa. Jumla shilingi 380,000. Ndugu msomaji, hiyo ni mifuko mingi ya saruji, nao wana kiwanja Mbande ambacho msingi wake haujainuka. Tuliketi barazani, nikachukua kalamu.

Taulo nilizifuta kwanza. Hoteli za namna ile hutoa taulo, shuka na sabuni. Mama naye alikwisha kufunga mchele kilo mbili, ukarudi jikoni.

Viatu ndivyo vilivyotugombanisha. Pwani ya mashariki ya Unguja ina tabia yake. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana, na chini hubaki mawe makali pamoja na wale viumbe wenye miiba myeusi kama sindano. Ukimkanyaga mmoja, fungate utaimalizia kitandani ukitolewa miiba. Hapo Paje na Jambiani akina mama wamelima mwani tangu 1989, nao wanajua saa za kuingia na za kutoka. Maji hujaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huenda mbali zaidi. Basi yafaa kuwauliza wenyeji kabla ya kuvaa nguo ya kuogelea, na miguuni raba kuukuu zatosha.

Kofia na miwani niliviacha. Unguja ipo nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, na asidhani mtu kwamba ngozi nyeusi haiungui. Magauni yakawa mawili, na doti moja ya khanga ikaongezwa: utajifunga utokapo majini, utaitandika mchangani, utajifunika mabega uingiapo Mji Mkongwe, ambako heshima ni kufunika mabega na magoti, mwanamume pia. Nguo mbichi zitatiwa katika kikapu cha ukili, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku huku Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia. Vitambulisho, tiketi na dawa vikae katika mkoba wa begani, si sandukuni. Sanduku lenyewe jirani ametuazima; gurudumu moja hulia kidogo.

Hapo mdogo wangu akanyamaza, kisha akasema: “Kaka, wewe wahesabu saruji. Mimi sijapata kulala mahali pa namna ile, wala huenda nisilale tena. Sitaki wahudumu wanione nimepotea njia.”

Nilikosa jibu la haraka. Nikamwambia kwamba wahudumu wale ni watoto wa watu kama sisi, na wageni wao kutwa wanapita na mchanga miguuni. Akatikisa kichwa.

Mwishowe nilitia sahihi mkopo wa shilingi 90,000. Viatu vyeupe alivinunua kwa mshahara wake, akavitia chini kabisa ya sanduku, chini ya raba. Ni vya chakula cha jioni, asema.