Hodi ya Kasuku

Mtu apewapo kitu chenye uhai hupewa na deni pamoja nacho. Ng'ombe humdai mwenyewe majani, mbuzi humdai malisho, na paka humdai kitoweo. Madeni haya huonekana, na yasipolipwa jirani hunena. Lakini liko deni jingine ambalo halionekani upesi, wala halina mdai wa kubisha mlango. Mimi nilikaa nalo karibu mwaka mzima bila ya kujua kuwa ni mdaiwa, na aliyenifundisha kulilipa alikuwa ndege.

Ndege huyo ni kasuku wa rangi ya kijivu, mwenye mkia mwekundu. Alikuwa wa mjomba wangu, baharia mstaafu wa hapa Mombasa, aliyeishi naye kwa miaka mingi. Mwaka 2018 mjomba alidhoofika akahamia kwa binti yake, katika nyumba isiyokuwa na nafasi. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, ndege huyu ana umri kama wako. Usimweke kama chombo." Nilimwahidi kumtunza. Tukashughulikia kibali chake, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa mwituni bila ya idhini, kisha nikamchukua nyumbani.

Nilimweka sebuleni karibu na rafu ya vitabu, kando ya dirisha la kioo. Nilimpa mbegu za alizeti, karanga, matunda na maji safi, nikadhani nimetimiza ahadi. Naye alinifurahisha kwa maneno aliyorithi kwa mjomba. Kila aliposikia nyayo mlangoni alisema, "Hodi!" kwa sauti ya mzee yule hasa, hata wageni wakageuka kumtafuta.

Baada ya miezi michache niliona manyoya chini ya tundu lake. Nilifagia nikanyamaza. Kesho yake nilifagia tena. Hatimaye kifua chake kilikuwa kitupu kama cha kuku aliyenyonyolewa, na siku moja mwanafunzi aliyeniletea madaftari aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, huyu ndege anaumwa?" Swali lile liliniingia moyoni. Nilikuwa nimekwisha kuliona jambo lile, lakini nilitaka lisionekane na mwingine.

Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama. Baada ya kumpima, aliuliza, "Hupata jua muda gani kwa siku?" Nilijibu kuwa hukaa dirishani tangu asubuhi. Daktari alitabasamu akasema kuwa kioo hupitisha mwanga, lakini huzuia sehemu kubwa ya miali ile ambayo mwili huitumia kujitengenezea vitamini D. Pasipo vitamini hiyo ndege hawezi kuitumia vyema chokaa iliyomo katika chakula chake. Na kasuku wa jinsi hii akipungukiwa na chokaa damuni huweza kutetemeka, hata kuanguka. Akaongeza jambo la pili: kasuku hujinyonyoa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni upweke na kukosa kazi. Ndugu zake huishi kwa makundi katika misitu ya Kongo na Uganda, wakaruka mwendo mrefu kutafuta chakula. Huyu wangu alikuwa na ukuta mmoja wa kutazama.

"Mtoe nje," alisema, "asubuhi au alasiri jua likipoa. Mwache ndani ya tundu lake, nusu juani na nusu kivulini, ili achague mwenyewe. Usimwache peke yake. Wala usimtoe begani, hata kama mbawa zimepunguzwa."

Nilitii. Siku ya kwanza alijibana chini ya tundu, macho yamemtoka, maana mbingu ilikuwa kubwa kuliko alivyozoea. Siku ya tatu alipanda kijiti chake. Wiki ya pili manyunyu yalimkuta uani. Nilipotaka kumwingiza nilimwona amefungua mbawa, ameinama, akioga kwa furaha ambayo sikuwa nimepata kuiona kwake. Alipiga mluzi, akajibiwa na ndege wa mwembeni. Manyoya madogo yakaanza kuchipuka kifuani.

Laiti ningaliishia hapo! Lakini mafanikio huleta kiburi. Watoto wa mtaani walizoea kuja kumtazama, nami nikapenda kutazamwa pamoja naye. Jioni moja ya mwezi wa Juni, wakati wa kusi, nilitoka naye begani. Nilijua mbawa zake zilipunguzwa zamani. Nilisahau kuwa manyoya yaliyokatwa huota upya. Upepo ulivuma, naye akafunua mbawa. Kabla sijanyosha mkono alikuwa juu ya mwembe wa jirani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilimwita, akanitazama. Alisogea kwenye ncha ya tawi, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Ndipo nilipofahamu msiba wake. Upepo ulimsaidia kupanda, lakini kushuka hakujua. Kuruka kwenda chini ni ufundi ambao ndege hujifunza akiwa mchanga, naye ujana wake wote ulipita tunduni. Kunguru walikuja, kwanza wawili, kisha kundi zima, wakamzunguka kwa kelele na kumdonoa. Watoto waliwatupia vijiwe mpaka giza likaingia. Usiku nilikaa chini ya mwembe na taa. Mara kwa mara, kutoka gizani juu, ilitoka sauti ya mjomba wangu: "Hodi! Hodi!" Nilijibu, "Karibu," lakini hakujua njia ya kukaribia.

Alfajiri nilimwita mkwezi wa minazi. Alipanda vizuri sana, lakini kila alipopanda kasuku alipanda zaidi. Mkwezi alishuka akasema, "Mwalimu, mimi simjui, naye hanijui. Panda mwenyewe." Nilivua viatu, nikapanda mbele ya wanafunzi wangu waliokuwa wakipita kwenda shule, miguu ikinitetemeka. Nilipofika tawi la tatu nilinyosha mkono nikanyamaza, kwa kuwa pumzi ziliniishia. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Hodi." Nikajibu, "Karibu." Akashuka tawi kwa tawi, kwa mdomo na miguu, akatua mkononi mwangu. Bawa moja lilikuwa na damu.

Majirani walinishauri nimfungie ndani daima. Niliufikiri ushauri huo, nikaona kuwa ni kuliponya kosa moja kwa kosa jingine. Hewa na jua hazikumdhuru ndege. Aliyemdhuru ni mimi niliyempa uhuru kwa ajili ya sifa yangu, si kwa ajili ya haja yake. Nilimwita fundi, akanijengea uani kibanda cha wavu wa chuma, hatua nne kwa tatu, chenye milango miwili ili mmoja ufungwe kabla ya mwingine kufunguliwa. Sehemu moja tuliiezeka makuti kwa kivuli. Ndani niliweka matawi ya mpera ayatafune, nikahakikisha hapati parachichi, maana tunda hilo ni sumu kwake. Humo hushinda saa mbili tatu kila siku, nami husahihisha madaftari karibu yake. Bawa lilipona. Sehemu ya kifua haijaota manyoya hata leo.

Sidai kuwa kibanda ni msitu. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliotekwa mwituni, kwa sababu walipungua mno, nami naliona kuwa ni neno la haki. Heri kasuku asiyetekwa kamwe. Lakini huyu alikwisha kutekwa kabla yangu, na mwembe ulinionyesha kuwa hawezi tena kujiokoa. Anaweza kuishi miaka mingine ishirini au zaidi, na katika kila siku ya miaka hiyo sehemu ya anga ni haki yake iliyo mikononi mwangu.

Wanafunzi wapenzi, katika maisha yenu mtakabidhiwa wengi walio dhaifu kuliko ninyi: wanyama, watoto, labda na watu wazima. Msiwafungie kwa kuogopa hatari, wala msiwatupe hatarini kwa kutaka kusifiwa. Aliyemnyima mwenziwe mbawa hana budi kuwa ngazi yake.