Walivyoishusha

Mama ndiye aliyegundua, akinikogesha uani kwetu Amani ningali mchanga: kende moja ipo, ya pili haipo. Bibi akasema mshipa umeivuta juu, akawa ananisugua kinena kwa mafuta ya nyonyo. Baba hakutaka lisemwe hata kwa ndugu zake. Mwanamme akijulikana ana upungufu huko, nani atamwoza binti yake? Basi ikangojwa tohara.

Nilitahiriwa 1976, nina miaka 7. Yaani nilikuwa nitahiriwe. Aliyenishika alinipapasa, akaweka vifaa chini, akamwambia mama anipeleke Mnazi Mmoja, enzi hizo ikiitwa Hospitali ya V. I. Lenin. Mama hakumngoja baba atoke bandarini. Alivaa buibui lake tukenda.

Daktari alikuwa Mchina. Wenzake walianza kuja Unguja tangu 1964. Kabla ya kunigusa alisugua viganja mpaka vikapata moto, maana mkono wa baridi huifanya kende ikimbilie juu hata iliyo nzima. Akanichuchumaza, akaipata kinenani, imekwama njiani. Kumbe mtoto akiwa tumboni mwa mamake kende zake hukaa ndani, karibu na figo, kisha hushuka kabla hajazaliwa. Yangu haikumaliza safari.

Mama akauliza, mkalimani mwanamme amesimama pale, wala hakuinamisha uso: "Atazaa?"

Nampenda kwa swali lile mpaka leo. Akajibiwa kuwa ile moja nzima huweza kutosha, ila iliyojificha inaunguzwa na joto la mwili, na kila mwaka unaopita huidhuru zaidi. Walinipasua kinenani, wakaifungua mishipa yake taratibu ili ifike chini bila kukatika, wakaishonea kijifuko ndani ya ngozi.

Nina watoto wanne. Hata hivyo ile miaka saba inaniuma, kwa sababu ilikwenda kwa aibu tu. Siku hizi, isiposhuka yenyewe katika miezi 6 ya mwanzo, mtoto hupasuliwa kabla ya miezi 18.

Daktari alisema pia kwamba kende ya namna hii, hata ikishushwa, yaweza kuota saratani ukubwani; afadhali iko mahali mkono unafika. Nilipobaleghe mama alinambia mwenyewe, baba yuko barazani anasikia, nijipapase kila mwezi nikikoga, na nikikuta kivimbe kigumu nisimfiche mtu.