Hesabu Iliyochorwa

Iko kazi moja ambayo wachache huisifu, nami naipenda: kazi ya kugeuza hesabu kuwa picha. Msomaji wa makala ya Wikipedia aghalabu huliruka jedwali la tarakimu kama mpita njia arukavyo dimbwi; walakini jicho lake likiangukia mchoro, husimama. Mchoro ule hufanywa na mtu asiyelipwa, tena asiyejulikana sura, nao huaminiwa upesi kuliko neno. Hapo ndipo penye hatari.

Chukua, msomaji, hesabu ya watu wa Kenya. Sensa ya 1948 ilikuta watu milioni 5.4, ya 1962, milioni 8.6, ya 1969, milioni 10.9. Tangu hapo nchi imehesabiwa kila baada ya miaka kumi, hata 2019 wakapatikana watu milioni 47.6. Tia tarakimu hizi katika tarakilishi, uamuru nguzo zisimame kwa nafasi sawasawa. Utaona nini? Nguzo ya pili imeizidi ya kwanza kwa milioni 3.2, na ya tatu imeizidi ya pili kwa milioni 2.3 tu. Jicho litasema kuwa kasi ya ongezeko ilipungua. Sivyo hata kidogo! Ongezeko la kwanza lilichukua miaka 14, la pili miaka 7. Ukigawanya kwa miaka, utaona kuwa watu 230,000 hivi walizidi kila mwaka katika kipindi cha kwanza, na kama 330,000 katika cha pili. Tarakimu zote ni za kweli, na mchoro ni mwongo. Apangaye idadi ya madarasa kwa mchoro kama huo atawaacha watoto mlangoni. Yafaa basi miaka ipangwe kama alama za rula, nafasi ya 1948 hadi 1962 iwe maradufu ya ile ya 1962 hadi 1969.

Uongo mwingine hukaa chini ya nguzo. Mwaka 2009 watu walikuwa milioni 38.6. Ukianza kipimo kwenye milioni 35 badala ya sifuri, nguzo ya 2019 itaonekana ndefu mara tatu na nusu kuliko ya 2009, hali watu hawakuzidi hata kwa robo. Magazeti hupenda hila hii, maana hushtua.

Programu niitumiayo ina jina la herufi moja, R. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mapema katika miaka ya 1990, nayo hutolewa bure. Ndani yake hushiki kalamu; waandika amri mstari kwa mstari, nayo hutii. Wako waonao jambo hili kuwa adha, na kwa kweli koma moja iliyosahauliwa yaweza kukukalisha jioni nzima. Mimi naliona kuwa heri, kwa sababu amri iliyoandikwa husomeka na mwingine. Nipelekapo mchoro katika Wikimedia Commons, hazina ya picha iliyofunguliwa 2004, naweka na amri zake kando. Sensa nyingine ikifika, mtu wa Kisumu au wa Muscat nisiyemjua ataongeza tarakimu moja tu, na mchoro utajichora upya. Akiona nguzo zimepotoshwa, ataziona pale pale zilipopotoshwa.

Rangi nazo zataka hisani. Wapo watu, wanaume zaidi ya wanawake, ambao nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja. Kwa hiyo nachagua buluu na rangi ya chungwa.

Mwisho huihifadhi picha kwa muundo uitwao SVG. Picha ya namna hii si madoa ya rangi, bali ni maandishi yaiambiayo mashine pa kupitisha mstari, na kwa hiyo hukuzwa hata ikajaza ukuta bila kufifia. Ukiiamuru programu iyaache maneno kuwa maneno, mwingine aweza kuifungua picha na kubadili lugha bila kugusa nguzo hata moja. Nimeifanya kazi hiyo kwa michoro ya wenzangu wa ng'ambo: nafuta neno la Kiingereza, natia "idadi ya watu", natia "mwaka", kisha nasogeza herufi kidogo, kwa kuwa maneno yetu ni marefu nayo hugonga ukingo.