Kung'oa jeni ya bakteria mbishi

Nimekuwa kimya kidogo, shule imebana. Semista hii nimechagua kuwasilisha darasani jinsi watafiti wanavyochezea jeni za Borrelia burgdorferi, bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Washkaji wakanicheka: "We vipi, huo si wa Wamarekani?" Kweli jina limetoka mji wa Lyme, Connecticut, na kupe wanaoueneza kule huku hawapo. Ila subirini.

Ukitaka kujua jeni inafanya kazi gani, unaing'oa, unaangalia bakteria ameshindwa nini, halafu unairudisha uone kama anaweza tena. Rahisi kusema! Jamaa huyu ana kromosomu moja iliyonyooka kama uzi, na aina yake iitwayo B31 ilikutwa na plazimidi 21. Ukimkuza maabara anazidondosha njiani. Akipoteza ile ya lp25, hawezi tena kumwambukiza panya. Sasa umeng'oa jeni yako na panya hajaambukizwa: ni jeni, au plazimidi imepotea kimya kimya? Ndiyo maana lazima uhesabu plazimidi zako, na kuirudisha jeni si mapambo.

Mwaka 2004 watafiti waliing'oa jeni ya protini OspC. Bakteria wakashindwa kuambukiza panya. Walipoirudisha, wakaweza. Hapo hakuna ubishi.

Sasa nirudi kwa washkaji. Willy Burgdorfer, aliyemgundua bakteria huyu kwenye kupe Marekani mwaka 1981, alisomea udaktari wake wa sayansi Basel kwa kuchunguza papasi wa Afrika! Ndiyo, papasi hawa hawa wa kwenye nyufa za nyumba za udongo. Wanabeba Borrelia duttonii, ndugu wa yule wa Lyme. Mdogo wangu aliwahi kuugua homa ya papasi. Homa inapoa, nyumba nzima inapumua, siku chache baadaye imerudi tena, maana bakteria hubadilisha protini za juu ya mwili wake kila kinga inapomzoea.

Kwa hiyo jamani, ujanja uliopatikana kwa yule wa Lyme ni wa ukoo mzima. Mimi nataka kuujua vizuri, ili siku moja umfikie huyu wa kwetu. Mada sibadilishi.

Nawasilisha Alhamisi. Mwenye maswali magumu karibu sana, ila chai ya baadaye analipa yeye.