Engaresero na Bei ya Mtambo

Ndugu msomaji, ukifika Engaresero, wilayani Ngorongoro, utauona mlima Ol Doinyo Lengai kusini na Ziwa Natron kaskazini. Hapo, katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, zimo nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale. Sasa fikiria kufikisha hapo mtambo wa video. Je, ni bei yake tu inayouchelewesha?

La. Anayenunua mtambo hulazimika kupata pia televisheni, umeme na usafiri. Kanda za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Hata hivyo, ughali haukuwazuia watu kutazama: katika mabanda ya video, wengi walichangia mtambo mmoja kwa kiingilio kidogo. Sahani za Blu-ray zilipotoka mwaka 2006, wengi wetu hatukuzinunua. Filamu zikaja kwa simu, ambayo mfugaji huibeba na kuichaji kwa umeme wa jua.

Basi, ndugu mfanyakazi, usikope ili sebule yako isipitwe na ya jirani. Mtambo huzeeka kabla deni halijaisha.